Tuta la Udongo wa Chumvi

Jino langu la mbele liling'olewa na kitako cha bunduki siku ile mto ulipokuja. Watu wakiniona nikicheka hudhani ni uzee. Uzee haujanigusa kinywani. Mengine yote yapo, na mfupa wa mbuzi bado nautafuna. Hilo moja nililipoteza enzi za Wajerumani, nikiwa mwanamke kijana, katika mji wetu mdogo ulio mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Mpwapwa. Nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, kwa hiyo naandika polepole, lakini hili nataka niliandike mwenyewe bila kumpa mtu mwingine kalamu.

Mto wetu, kwa sehemu kubwa ya mwaka, si mto. Ni mchanga. Ng'ombe hulala humo, na sisi wanawake huchimba visima humo humo na kuchota maji kwa kibuyu. Mgeni akipita kiangazi hawezi kuamini ukimwambia kwamba mchanga ule unaua watu. Masika yakifika, mvua hunyesha huko milimani, mbali, sisi tuko juani tunapalilia uwele, na mara unasikia mngurumo. Maji hayapandi kidogo kidogo. Yanakuja yamesimama, yamebeba miti mizima na mizoga, na aliye kisimani hana muda wa kutoka.

Mtaa wetu wa bondeni ulikuwa na tuta lake la zamani, la kimo cha kiuno, lililojengwa kwa udongo wa vichuguu na fito za mgunga. Kila kiangazi tulilizibaziba, na miaka ya mvua za kawaida lilitutosha. Kisha ukaja mwaka ambao mto uliliruka. Ulibeba mifugo, ukabeba watu wa mtaa wetu, akiwamo baba mkwe wangu, ambaye tulimpata siku ya tatu amenasa kwenye miiba. Boma la Wajerumani halikusema neno. Lakini maji yale yale yaliingia pia ghala la boma na kulowesha mahindi ya askari, na hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba mto ni hatari. Kiangazi kilichofuata wakaleta Mzungu wa kulikuza tuta.

Sisi tulimwita Bwana Tuta. Alikuwa mwembamba, mwekundu shingoni, na alitembea na fimbo iliyopakwa rangi, nyekundu na nyeupe, ya kupimia. Alinyoosha kamba ndefu kutoka mtaa wetu, ikavuka njia ya boma, ikapita mbele ya kambi ya askari mpaka mwisho wa mji. Kufuata kamba hiyo alitaka tuta la kimo cha watu wawili, pana kiasi cha kupitisha gari la ng'ombe, na lililonyooka. Njia ya boma yenyewe ilikuwa imeinuliwa kwa mawe. Ilitoka mtoni ikapanda kilimani, mtaa wetu upande wake wa juu, mto unakotoka, kambi ya askari upande wa chini, mto unakoelekea. Mtu akumbuke njia hiyo, kwa sababu nitairudia.

Kila nyumba ilitoa mwanamume na mwanamke. Wanaume walichimba na kushindilia, wanawake tulibeba udongo kwa vikapu kichwani. Udongo uliotakiwa ulikuwa mwekundu, wa mguuni mwa kilima, na ule wa vichuguu. Ni udongo mzuri, hilo sikatai, na Bwana Tuta aliujua udongo vizuri kuliko alivyowajua watu. Lakini ulikuwa mbali. Ukienda na kurudi mara kumi, shingo inaingia mabegani, na ukichelewa mara moja kuna kiboko.

Kiboko kilikuwa cha ombasha. Ombasha ni askari mwenye cheo kidogo, na huyu wetu alikuwa mtu wa mbali, sijui wa wapi, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake. Alikaa juu ya tuta kwenye kigoda, kiboko magotini. Hakupiga kwa hasira. Mimi ninamwelewa mtu anayepiga kwa hasira, kwa sababu hasira zangu mwenyewe ziko karibu na nimewahi kumvunjia mtu chungu kichwani. Huyu alipiga huku anatafuna karanga.

Mume wangu alifanywa mnyapara wa wachimbaji kwa kuwa alijua Kiswahili. Alikuwa amebeba pembe mpaka pwani ujanani, akarudi na lugha hiyo na kovu la bega. Alikuwa mpole mpaka ananiudhi. Mama yake alikuwa akisema Mungu alikosea, alitoa ulimi wa mwanawe akauongeza kwenye wangu.

Mama mkwe wangu huyo alikuwa bingwa wa chumvi. Nje ya mji kuna mbuga ambayo wakati wa kiangazi hutoa unga mweupe juu ya ardhi. Wanawake wa mtaa wetu walikwangua udongo ule, wakauchuja kwa maji katika kapu, wakachemsha yale maji chunguni mpaka chumvi ibaki. Si kila sehemu ya mbuga ina chumvi ya kutosha, na jicho linadanganya. Unaonja. Unachukua punje kwa ncha ya kidole, unaweka ulimini, unatema. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu alinionjesha mbuga nzima, na kila nilipokosea nilipata kofi la mgongoni. Mume wangu naye alijua kuonja, kwa kuwa alilelewa kando ya vyungu hivyo, ingawa wenzake walimcheka kwa kazi ya kike.

Jambo moja kila mwanamke wa chumvi alilijua. Udongo wa mbugani ukikauka unakuwa mgumu sana, ukiugonga unalia. Ukiutia maji unakuishia mkononi. Ndiyo maana hakuna mtu katika mtaa wetu aliyewahi kukandika ukuta wa tembe yake kwa udongo wa mbugani, hata kama ulikuwa karibu na mlango.

Jirani yangu, ambaye tembe yake na yetu zilishikana ukuta mmoja, alikuwa na mimba kubwa. Mume wangu alimwomba ombasha amwache apumzike, ombasha akasema anayeweza kubeba mimba anaweza kubeba kikapu. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu, nikamwona anatua kikapu chini, akashika kiuno. Ombasha aliinuka kwenye kigoda. Kiboko cha kwanza kilimpata mgongoni. Aligeuka ili aombe, na cha pili kikampata tumboni. Akaanguka juu ya udongo aliokuwa ameubeba, na ombasha akampiga teke ili ainuke, kisha akampiga teke tena.

Alikufa pale pale, mbele yetu, damu ikiingia kwenye udongo mwekundu mpaka hukujua ipi ni ipi. Bwana Tuta alikuja na fimbo yake. Alitazama, akasema maneno machache, na mkalimani wake akatuambia, "Bwana anasema mwondoeni, amelalia kamba."

Kweli alikuwa ameilalia. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo sijui uliishia wapi. Lakini aliyefanya kitu hakuwa mimi mwenye hasira, alikuwa yule mpole. Mume wangu alitupa jembe, akapanda tuta, akamnyang'anya ombasha kiboko na kumchapa nacho usoni mara moja. Mara moja tu. Kisha akakitupa mtoni kwenye mchanga, akasimama kuwangoja.

Walimpa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, siku hiyo hiyo, wamemlaza juu ya pipa mbele ya boma, nasi tumepangwa mstari tutazame. Kila kiboko kilihesabiwa kwa sauti. Nilijiambia sitafumba macho na sikuyafumba. Ilipofika kumi na tano nyama ilikuwa inafunguka, na ombasha, shavu lake limevimba, aliomba aendelee yeye mwenyewe. Baada ya hapo wakamtia mume wangu mnyororo wa shingoni pamoja na wafungwa wengine saba, wote wanane kwenye mnyororo mmoja, na gereza lao likiwa huko juu bomani.

Sasa nifike kwenye kosa letu, na niseme wazi kwamba ni letu, hatukusukumwa na mtu.

Tuta la mtaa wetu lilikuwa limekwisha, zuri, limeshindiliwa. Sehemu iliyobaki ilikuwa ile ya mbele ya kambi ya askari. Jioni moja, jua lingali nje, tuliketi wanawake wanne na mama mkwe kwenye kibanda chake cha chumvi, na yeye akaokota bonge la udongo wa mbugani akalitumbukiza kwenye chungu cha maji mbele yetu. Tulilitazama linavyokwisha. Sote tulielewa.

"Kambi ile iko chini," alisema. "Mto ukija, wao watangulie."

"Na Bwana Tuta akiona?" aliuliza mmoja wetu.

"Ataona wekundu juu. Wazungu hawali udongo."

Tulicheka. Nakiri kwamba tulicheka, tukiwa tumetoka kumzika mwenzetu wiki ile. Kuanzia kesho yake tukaanza kujaza vikapu mbugani, kukiwa na safu ya udongo mwekundu juu ya kila kikapu kwa ajili ya macho. Tukawaambia wanawake wengine, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Mbuga ilikuwa karibu, kwa hiyo tulirudi haraka, na ombasha alifurahi mno. Alituambia kifo cha yule mvivu kimetufundisha kazi. Nilimwitikia, "Ndiyo, bwana ombasha," nikamwaga kikapu changu. Moyo wangu ulikuwa mtamu siku hizo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Tuta likaisha kabla ya masika. Jua likaipiga ile sehemu yetu, ikakauka ikawa ngumu kuliko zote. Bwana Tuta aliigonga kwa fimbo, akaisikiliza, akapendezwa. Alilipenda tuta lake na aliliamini. Aliliamini kiasi kwamba akasema ile ardhi ya chini ya kambi, ambayo zamani ilikuwa ikifurika, sasa ni salama na haifai kukaa bure. Akaamuru gereza jipya lijengwe hapo, la mawe, nyuma tu ya tuta, ili wafungwa wawe karibu na kazi ya kulitunza. Wafungwa walilijenga wenyewe. Siku mume wangu alipoingizwa humo, nilikuwa napita na kibuyu cha maji kichwani, na nilikiangusha.

Nilimwendea mama mkwe. Miguu yake ilikuwa imekwisha kuvimba na alikuwa hatoki ndani ila kwa kubebwa. Nilimwambia lilipo gereza.

"Mwambie Mzungu," alisema.

Lakini wale watatu wenzangu walinizuia. Walisema nikifungua mdomo tutanyongwa sote, wanawake wa mtaa mzima, na mmoja wao aliapa kwamba atanichoma kisu kabla sijafika bomani. Aliapa huku ananyonyesha. Nilijua anaweza. Tukakubaliana kuomba mvua iwe ndogo, sisi wakulima, ambao maisha yetu yote tulikuwa tukiomba iwe kubwa. Mimi nilikuwa nikiomba hivyo kila asubuhi na nikiona aibu kuutazama uwele wangu.

Mto ulikuja mchana, baada ya siku nne za mawingu meusi upande wa milimani. Nilikuwa nachuma mlenda. Nilisikia mngurumo, nikajua kwa jinsi ardhi ilivyotetemeka kwamba huu ni kama ule uliomchukua baba mkwe. Nilikimbia juu ya tuta. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yanageuza miti juu chini, na yalikuwa yamebakiza mkono mmoja kufika juu. Mtaa wetu, nyuma ya ule udongo mzuri, ulikuwa mkavu. Watu walikuwa wanashangilia, wanasema Mzungu huyu ni mbaya lakini tuta lake ni tuta.

Nilikimbia nikavuka njia ya boma mpaka sehemu ya kambi. Askari walikuwa wamekwisha kupanda kilimani na wake zao na kuku wao. Chini ya tuta, upande wa ndani, vilikuwa vimetokea vitundu viwili vya ukubwa wa ngumi, vinatoa maji meupe kama ya kuoshea mtama. Niliyatia kidole, nikaonja. Sikuhitaji kuonja. Maji tayari yalikuwa yamefika kwenye mlango wa gereza, na ndani nilisikia mnyororo na watu wanaita. Mlango ulikuwa wa mbao nene zenye kufuli. Niliupiga kwa mawe mpaka kucha zikatoka. Niliita jina la mume wangu, akaniitikia kwa sauti yake ile ya upole, akasema, "Maji yako magotini. Tafuta ufunguo."

Ufunguo alikuwa nao ombasha. Nilimkuta katikati ya njia ya boma, amesimama kwenye mawe anatazama mto, bunduki begani. Nilipiga magoti. Mimi, ambaye sikuwahi kumpigia magoti hata mama yangu.

"Bwana ombasha, fungua gereza. Tuta linavuja. Litakwisha sasa hivi."

"Tuta la Bwana halivuji."

"Ni la chumvi," nilisema. Nililisema hilo, na sikujali tena nani atanyongwa. "Tuliweka udongo wa chumvi. Litayeyuka, litawaua wote wanane."

Aliniangalia kama anayesikia mtoto akipayuka. Nikamshika mkanda ambako funguo zilining'inia. Ndipo alipogeuza bunduki, na kitako chake kikanipata mdomoni. Nilianguka chini kwenye mawe, nikatema damu na jino. Akanipiga teke la mbavu, akapanda kilimani zake, funguo zikilia kiunoni, na sijawahi kusahau mlio ule.

Nililala pale kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne. Nililiona jambo la kufanya, kwa sababu kutoka juu ya njia hiyo niliona pande zote mbili. Maji yakipata mlango mwingine upande wa juu, kwenye mtaa wetu, yangepungua nguvu kabla ya kufika kambini. Yangeingia kwenye nyumba zetu, yangezuiwa na mawe ya njia, yangeifuata njia mpaka kwenye mashamba ya nyuma. Tuta la udongo mzuri lilipaswa kukatwa ili la udongo mbaya lisimame. Nikaenda kuchukua jembe.

Niliwapigia watu kelele watoke, mto unaingia. Waliponiona na damu kifuani hawakuuliza, walibeba watoto na kukimbilia kilimani. Ila yule mwenzangu aliyekuwa ameapa kunichoma kisu aliniona na jembe juu ya tuta, akaelewa.

"Nyumba zetu!" alipiga kelele. "Utatuzamisha kwa ajili ya mwanamume mmoja?"

Alikuja kunishika. Nilimpiga kwa mpini wa jembe begani, akaja tena, nikampiga kichwani, akateremka mpaka chini ya tuta. Aliinuka, akanitukana matusi yote aliyoyajua, akamchukua mwanawe akakimbia. Ningempiga mara ya tatu kama angerudi. Nasema hivyo ili mtu asije akanifanya mwema kuliko nilivyokuwa.

Kisha nikamkumbuka mama mkwe.

Nilishuka mbio nikaingia ndani. Alikuwa ameketi pale pale alipokuwa kila siku, karibu na vyungu vyake, miguu imenyooshwa. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Kumbeba peke yangu mpaka kilimani ilikuwa kazi ya muda ambao sikuwa nao, na mbavu zangu zilikuwa zimevunjika. Nilimweleza kwa maneno machache: gereza, ufunguo, jembe. Nikasema nitambeba kwanza, kisha nirudi.

"Ukirudi watakuwa wamekufa," alisema.

"Mama, nyumba itaanguka."

"Najua nyumba inavyoanguka, nimeijenga mimi. Nimezaa wengi, nimebaki na mmoja. Kata." Nikasimama kama mjinga. Akanitupia kijiti cha kuni. "Mkamwana, una mikono au una mdomo tu? Na huo mdomo wenyewe wamekuvunja. Kata!"

Nikaenda kukata.

Udongo mwekundu ulioshindiliwa na mume wangu na watu wake ulikuwa mgumu ajabu. Nilikuwa namlaani kwa kazi yake nzuri. Nililima mfereji mdogo juu ya tuta, wa upana wa mguu, mpaka maji yakaanza kupita, na kwa muda yalipita tu kama ya kumwagilia bustani. Nikaendelea kulima, damu ya mdomo ikidondoka ndani ya mfereji. Halafu mto wenyewe ukashika kazi. Kando za mfereji zikaanza kuanguka mabonge mabonge, ardhi ikanitoka miguuni, na nilijirusha nyuma nikashika mgunga. Tuta likafunguka kwa upana wa nyumba.

Maji yaliingia mtaa wetu. Tembe ni nyumba ya udongo, na paa lake pia ni udongo, zito. Kuta zikilowa, paa linashuka lote kwa mara moja. Niliona nyumba ya jirani yangu aliyekufa ikilala, na yetu, iliyoshikana nayo ukuta, ikailalia. Nilisikia mshindo. Sauti ya mtu sikuisikia, na nilikuwa naisikiliza.

Kule kambini maji yalishuka. Gerezani yalikuwa yamefika vifuani, yakasimama hapo, yakaanza kurudi. Mmoja wa wale wanane alikuwa mgonjwa, miguu ikamshinda, akazama akiwa kwenye mnyororo. Wenzake saba walikaa na maiti shingoni mpaka kesho yake asubuhi ombasha alipokumbuka kushuka na ufunguo. Mume wangu alikuwa wa pili kutoka kwa yule maiti. Alitoka hai.

Bwana Tuta alikuja na fimbo yake akakagua. Sehemu yetu ya chumvi ilikuwa imesimama. Udongo mwekundu wa juu ulikuwa umechukuliwa na maji, jua limetoka, na ule weupe ulikuwa umeanza kukauka, mgumu. Aliziba vile vitundu kwa kisigino chake, akaona ni vya panya. Aliugonga ukuta, akausikiliza. Kisha akaenda mtaa wetu, akatazama lile pengo katika udongo mwekundu aliouchagua mwenyewe, akatikisa kichwa. Mkalimani akauliza kwa niaba yake ule udongo mweupe tuliutoa wapi. Ombasha alisimama kando, na nilijua anakumbuka niliyomwambia barabarani, lakini angesema, angetakiwa pia kusema kwa nini hakufungua gereza. Mwishowe mzee mmoja ambaye hakujua lolote akasema, "Unatoka mbugani, Bwana."

Bwana Tuta akaamuru tuta lote la mtaa wetu lijengwe upya kwa udongo wa mbugani. Kwa kuwa wachimbaji wengi walikuwa wamekimbia, akamfungua mume wangu mnyororo, akamrudishia unyapara.

Tulimfukua mama kwanza. Alikuwa chini ya paa, ameketi vile vile, na vyungu viwili vilikuwa vizima. Mume wangu alimbeba mwenyewe juu ya ule mgongo wake, akamzika kilimani. Alipotoka huko alikuja moja kwa moja kwenye pengo la tuta. Mimi nilikuwa hapo na kikapu changu. Alishuka katikati ya pengo, akachukua punje ya udongo kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini. Akatema. Akaenda ukingo wa pili, akaonja tena.

"Huu hauna chumvi," alisema.

Udongo ule aliushindilia mwenyewe. Alijua hauwezi kukatika bila jembe. Aliutazama mdomo wangu uliovimba, akaitazama mikono yangu yenye malengelenge, na jembe letu lililokuwa limelala kwenye matope chini ya mgunga, pale pale nilipoliacha. Nilingoja aniulize. Hakuniuliza siku ile, wala tulipohamia ng'ambo ya kilima kabla ya masika mengine, wala miaka yote tuliyoishi pamoja na kuzaa watoto.

Nilikuwa na neno moja la kunisafisha, kwamba mama yake ndiye aliyesema nikate. Ningelisema, angejua kwamba mama alikufa badala yake, kwa hiari ya mama mwenyewe, na mtu yule tayari alikuwa na mgongo asioweza kuulalia kwa sababu ya viboko. Nikamwacha afikiri ni mimi niliyechagua. Mwaka jana nilimzika kando ya mama yake, na jembe lililochimba kaburi ni lile lile.